Saa Tisa Usiku, Hull

Saa tisa za usiku, na wanangu wako macho
kama abiria waliokata tiketi.
Shemsa amewasha taa ya jikoni, anadai chakula cha mchana.
Haitham, miaka mitatu, amepanda juu ya sanduku
ambalo tangu juzi hatujalifungua,
ananyooshea giza kidole: kushoto salama, kulia salama,
kama yule dereva wa treni mwenye glavu nyeupe
aliyeisalimu kila taa ya njiani.

Kule Osaka sasa ni saa tano za asubuhi.
Mimi si mgeni wa kupindua saa.
Nimezaliwa katika lugha inayoanza kuhesabu jua likichomoza,
na mwaka wa kumi na moja huu naishi Hull
na mshale ukutani unaosema moja
na kichwa kinachosema saba.
Lakini tumbo la mtoto halisomi saa ya mtu.

Basi napika wali.
Naufinyanga pembetatu, viganja vimelowa maji ya chumvi,
unabomoka. Naufinyanga tena.
Shemsa ananitazama kwa huruma:
"Baba, wa kule ulikuwa na koti."

Koti.
Koti ni mwani.

Mama yangu alilima mwani Jambiani miaka kumi na minane,
maji yakipwa yupo, mgongo umepinda,
anafunga vikonyo kwenye kamba kimoja kimoja,
anaanika, anapakia, anauza kwa bei ya kuambiwa.
Hakuwahi kuutia mdomoni.
Tulipompigia simu, tumesimama nje ya duka,
Haitham akamwonyesha meno yaliyogandwa na kijani,
akanyamaza, nikadhani mtandao umekata.
Kisha: "Kumbe unaliwa! Na sisi tukisema
wazungu wanatengenezea rangi ya kucha."
Akacheka hadi akakohoa.
Mwani wake si huu. Mbegu nyingine, bahari nyingine.
Sikumwambia.

Watu walituuliza: Japani, na vitoto hivi?
Hawatakumbuka kitu.
Miaka miwili ya zamu za ziada, na sofa ile ile iliyochanika,
kwa ajili ya nini?
Ni kweli, mahekalu wameshayasahau.
Wanamkumbuka kulungu aliyeila ramani yetu.
Wanakumbuka mashine ya vinywaji, peke yake kando ya shamba,
inawaka, hakuna wa kuilinda.
Na kiatu.

Kiatu cha kushoto cha Haitham kilibaki kwenye treni.
Tuliporudi jioni kituoni, mwanamume mwenye kofia
alikitoa kwenye mfuko wa plastiki,
kimefutwa, kamba zimefungwa,
akamkabidhi kwa mikono miwili
kama mtu anayerudisha amana ya marehemu.
Tangu siku hiyo viatu vina adabu nyumbani kwetu.
Tangu siku hiyo wanainama.
Jana walimwinamia dereva wa basi,
jitu la shingo nyekundu, halina habari na mtu;
likainama nalo juu ya usukani,
honi ikalia, barabara nzima ikageuka.

Saa kumi na nusu kunapambazuka, shakwe wanagombana juu ya paa.
Wali umejaa mezani, sakafuni, nyweleni.
Haitham ametangaza vituo vyote anavyovijua, ni viwili,
na cha tatu ni Tesko.

Saa moja, ufunguo mlangoni.
Saumu ametoka zamu ya usiku, kwenye nyumba ya wazee,
sare yake inanuka sabuni ya hospitali.
Siku ya pili tu kazini, na wiki nzima tulikuwa naye.
Wanawe wanamwinamia.
Wanamvua viatu, kila mmoja na wake,
wanavigeuza, ncha zitazame mlango.
"Ukitaka kuondoka viko tayari," anasema Shemsa.

"Siendi popote," anasema mama yao,
ameshakaa chini, mgongo kwenye sanduku,
ameshafumba macho,
mkononi tonge la pembetatu,
halina koti.